Sitaandika Kwamba Tuliishi Mbalimbali

Nyumba Na. 412,
Mtaa wa Linden,
Nordahl, Iowa.

Jumapili, 14 Aprili 2019

Mpendwa mwanangu Maren,

Naomba barua hii ikukute mzima wewe na Nikolai wako, na huko Alaska theluji iwe imeanza kuwaonea huruma. Huku kwetu imekwisha, imetuachia tope mpaka mlangoni. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi za kanisa, lakini nalala, nakula, na ulimi wangu haujapata kutu, kama utakavyoona.

Vipi kazi ya mifugo? Yule mbwa uliyemshona mguu amepona? Na wewe unakula vizuri, au bado unakula umesimama kama ulivyokuwa ukifanya hapa jikoni kwangu? Kaa chini ukila, mwanangu. Tumbo nalo lina heshima yake.

Barua yako niliisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nimegombana na baba yako kwa sababu ya fomu ya kodi. La pili, baba yako anawaambia msifunge ndoa Septemba, mngoje mpaka Januari, mwaka ugeuke, kodi isiwaumize. Na wewe unataka kujua shangazi yako anaonaje. Nitakujibu yote mawili, ila siwezi kujibu la pili kabla ya la kwanza. Chemsha kahawa.

Ndiyo, tumegombana. Tangu Februari hatujasemezana zaidi ya "Amani ya Bwana" kanisani, na hiyo ni kwa sababu mchungaji anatutazama.

Ulikulia katika nyumba ile, kwa hiyo desturi yetu unaijua. Kila Februari ukoo mzima unampelekea baba yako Orrin karatasi zake kwenye boksi la viatu, na juu ya boksi, pai. Yeye anakaa na penseli yake na mashine yake ya hesabu, anatujazia fomu zote bila kutudai senti, na anajiona waziri wa fedha. Miaka thelathini nimempelekea boksi langu. Tangu marehemu mume wangu wa kwanza aondoke, miaka kumi na minane sasa, ananitilia alama kwenye kisanduku kile kile cha juu kabisa: asiye na ndoa. Sikuwahi kulalamika. Ilikuwa kweli.

Halafu akaja Delmar. Ulimwona mara moja tu, ile Krismasi aliyoleta maandazi ya mbegu nyeusi ya mama yake, yale wanayoyaita kolache, na baba yako akala sita huku akisema ni matamu kupita kiasi. Dereva wa lori la maziwa kwa miaka arobaini na mmoja. Hakuwahi kuoa. Mwezi wa saba mwaka jana, akiwa anakausha vyombo jikoni kwangu, aliniambia bila hata kugeuka, "Arlys, mimi nimechoka kwenda nyumbani." Nikamwambia, "Basi usiende." Huo ndio ulikuwa uchumba wetu. Usitafute mashairi, hayakuwepo.

Tukapanga Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba. Kanisa likaandikwa, kibali cha ndoa tukakichukua pale kwa karani wa wilaya, kina mama wa kanisa wakaanza kubishana juu ya saladi.

Ndipo baba yako akaja na karatasi. Nisimsingizie, Maren: hesabu zake zilikuwa sahihi, na ndivyo zilivyo mpaka leo. Hivi ndivyo alivyotueleza. Kila mmoja wetu akiwa peke yake, kodi inaigusa kidogo tu ile pensheni yetu ya serikali. Mkioana na kujaza fomu moja, mapato ya wawili yanamiminwa kwenye sufuria moja, na kile kipimo ambacho ukikipita pensheni inatozwa, hakikuongezwa mara mbili kwa watu wawili. Waliokiweka walisahau kwamba hata wazee huoana. Kwetu sisi ilikuwa kama dola elfu moja na mia nne kwa mwaka.

Jambo la pili alilotueleza ndilo lililotuponza. Watu wa kodi hawaulizi umeoa lini. Wanauliza siku moja tu: tarehe 31 Desemba ilikukuta una ndoa au huna? Ukiwa nayo siku hiyo, hata kama umeifunga asubuhi ile ile, unahesabiwa una ndoa mwaka mzima, tangu Januari mosi. "Kwa hiyo mkifunga Oktoba," akasema, "mnalipia mwaka mzima kwa ajili ya miezi miwili na nusu. Fungeni tarehe 5 Januari. Subira huvuta heri."

 Delmar akageuza kikombe chake, akaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Na mimi, Maren, mimi nisiyekubali kuambiwa hata namna ya kukoroga kahawa yangu, nikasema, "Miezi mitatu ni nini?" Mimi ndiye niliyesema. Baba yako alileta karatasi tu. Mdomo ulikuwa wangu.

Basi tukasogeza. Watu wa hapa kwetu hawacheki mtu anayesogeza harusi kwa ajili ya kodi, wanampongeza. Mchungaji alisema ni busara. Muuza maua alisema dada yake alifanya vivyo hivyo. Tukaendelea kama zamani: Delmar anakuja saa kumi na moja na nusu jioni, tunakula, anakausha vyombo, na ikifika saa tatu anarudi kwake mtaa wa pili, maana gari lake likilala mbele ya nyumba yangu, kufika asubuhi kanisa zima lina habari. Nyumba mbili, sufuria moja. Uzee wote ule na tunaagana mlangoni kama watoto wa shule!

Jumapili ya tarehe 30 Desemba, baada ya ibada, alikuwa anaondoa theluji kwenye ngazi zangu. Nilisikia beleshi likianguka. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono kifuani, uso umekuwa wa kijivu. Akaniambia, "Usikanyage hapo, panateleza." Hayo ndiyo yaliyomtoka mdomoni wakati moyo wake unasimama.

Nilifuata gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa. Pale wodi ya moyo, mlangoni, muuguzi akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe ni nani wake?"  Mchumba? Kwa umri wa miaka sitini na nane? Nikasema mchumba. Akasema samahani sana, kwa sasa ni ndugu wa damu na mke tu. Yeye alikuwa anafuata utaratibu wake, simlaumu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini saa nne nzima na koti langu mapajani, na kibali cha ndoa kimo ndani ya mkoba wangu, kimekunjwa, halali kabisa. Kilikuwa na miezi mitatu tangu kitolewe, na kinaishi miezi sita. Niliketi pale nikaona aibu kuliko aibu niliyowahi kuona maishani, na haikuwa aibu ya mtu mwingine yeyote.

Daktari alipokuja kusema kwamba Jumatano watampasua, na kwamba hali ni ya kuombea, nilisimama nikampigia simu mchungaji. Nikamwambia aje kesho mchana, na asiniletee neno busara.

Kwa hiyo tulifunga ndoa Jumatatu, tarehe 31 Desemba, saa tisa alasiri, kando ya kitanda. Walituruhusu nusu saa. Na baba yako alikuja. Alikuja mbio kutoka Nordahl na kofia yake mkononi, na nilidhani amekuja kuwa shahidi. Akanivuta pembeni.

"Arlys, sikia. Zimebaki saa chache mwaka ugeuke. Ngojeni kesho asubuhi tu. Mchungaji aje kesho."

"Orrin."

"Siku moja, dada yangu! Mmengoja muda wote huu, halafu mtupe pesa zote kwa siku moja?"

Mimi damu ilinipanda, lakini kabla sijamjibu, Delmar akacheka. Na mipira yake yote ile puani, akacheka. "Shemeji," akamwambia, "nimetia alama kwenye kisanduku cha asiye na ndoa miaka hamsini na miwili. Hiyo kodi wacha wanitoze. Ni faini ya kuchelewa."

 Kusaini ushahidi baba yako hakusaini; alisema mkono wake haumruhusu kuweka jina kwenye kosa la hesabu. Wakasaini muuguzi na mama mmoja aliyekuwa anapiga deki ukumbini, Mungu ambariki, alivua glavu zake kwanza na akajifuta mikono kwenye gauni. Kesho yake nilipofika pale mlangoni, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Niliingia nikakaa kwenye kiti changu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alizinduka, akakilalamikia chakula, akaniambia supu yao ingefaa kuoshea lori. Siku saba nilikaa naye, kuanzia asubuhi mpaka waniondoe. Jumatano ya tarehe 9 Januari, asubuhi, moyo ukakataa. Nilikuwa nimemshika mkono. Mengine ya siku ile unayajua, ulitupigia simu, na maua yako yalikuwa mazuri kuliko yote. Asante.

Sasa ugomvi wenyewe. Februari nilichukua boksi langu na boksi la Delmar, nikaoka pai ya tufaha, nikaenda kwa baba yako kama kawaida. Ndugu ni ndugu. Alinipokea vizuri, mama yako akaweka kahawa. Alikuwa ameshanifanyia kazi kimya kimya, masikini, wiki nzima, na uso wake uling'aa kama aliyeokota lulu.

"Nimepata njia," akaniambia. "Halali kabisa. Mna ndoa, sawa, hilo haliwezi kufutwa. Lakini si lazima mjaze fomu moja. Mnaweza kujaza mbili, ya kwako mbali na yake mbali. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na nyumba yake mwaka mzima, sheria inawahesabia kipimo kile kile cha mtu mmoja mmoja. Zile pesa zote zinabaki mfukoni."

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Kuna herufi moja tu unaandika hapa, pembeni ya mstari wa pensheni."

"Maana yake nini hiyo herufi?"

"Kwamba mume na mke hawa waliishi mbalimbali mwaka mzima."

Alikuwa ameshaiandika kwa penseli. Kiherufi kidogo, kisafi, cha mwandiko wake mzuri.

Maren, niliitazama ile herufi. Ni kweli kisheria, najua. Nyumba zilikuwa mbili, na siku ya ndoa mwenyewe alikuwa kitandani hospitalini. Asiyenijua akihesabu vitanda atasema Orrin hakukosea. Lakini mimi nilikuwa pale. Mtu amekula mezani kwangu kila siku ya mwaka ule, amenitengenezea paa, amenigunia kwa ajili ya redio yangu, ameanguka kwenye ngazi zangu akiniambia nisiteleze, halafu nitie sahihi, na chini ya kiapo, kwamba tuliishi mbalimbali? Ili nipate nini? Na nyumba zenyewe zilibaki mbili kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya fomu hiyo hiyo?

Nikamwambia, "Sitaandika hivyo."

"Ni dola elfu moja na mia nne, Arlys!"

"Nimesikia. Wakitaka waje na gunia."

"Delmar hayupo. Haimdhuru kitu."

"Mimi nipo."

Akanikumbusha kwamba yeye hajanikosesha senti miaka thelathini. Nikamkumbusha alinikosesha Oktoba. Hapo ndipo sauti zilipopanda, na nasikitika mama yako alisimama pale na kisu cha pai mkononi asijue akate au asikate. Nilimrahisishia. Nikabeba maboksi yangu mawili, nikabeba na pai yangu, nzima, haijaguswa, nikatoka. Liwalo na liwe.

Umecheka? Mimi sikucheka siku hiyo. Niliila ile pai peke yangu siku nne na sikusikia ladha yake.

Pale maktaba yetu, Jumamosi asubuhi, wapo wastaafu wanaowajazia watu fomu bure. Nilimpata mama mmoja aliyekuwa karani wa benki, Eunice Bakken, mwenye miwani ya kamba. Alisoma cheti cha ndoa, akasoma cheti cha kifo, akavua miwani. "Pole sana, Bi. Hruska," akasema.  Lile jina la Delmar, mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniita kwa sauti mpaka siku ile.

Tukajaza fomu moja. Kisanduku cha pili: wana ndoa, wanajaza pamoja. Jina la Delmar juu, langu chini yake. Eunice alinieleza kwamba pale pa sahihi yake, kwa kuwa hakuacha msimamizi wa mirathi, mimi ndiye ninayejaza, na naandika pembeni kwamba ninaiwasilisha kama mwenzi aliyebaki. Nikaandika.  Zile dola elfu moja na mia nne nimezilipa kwa kuuza lori dogo la Delmar, na kila senti nimeitoa kifua mbele. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Bahasha iko hapa mezani ina stempu, na nitaipeleka posta mwenyewe kwa miguu nikipita mbele ya dirisha la baba yako.

Nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, Eunice akasema, "Na mwakani tutajaza hivi hivi."

"Mwakani? Mwakani mimi si mjane?"

"Amefariki mwaka huu. Kwa hiyo mwaka huu nao wote, mpaka Desemba, unahesabiwa ulikuwa mke wake. Labda uolewe tena kabla ya hapo." Nikamwambia hapo aondoe hofu.

Nilikwenda kukaa garini. Siku tisa, Maren. Nilikuwa mke wa Delmar Hruska siku tisa, zote hospitalini, na serikali ya Marekani, ambayo haijawahi kunipa kitu bila kunitolea jicho, imeniandikia miaka miwili. Niliikubali. Sitarudisha hata siku moja.

Lakini nikahesabu na kitu kingine, na hili ndilo jibu la swali lako la pili. Toka tarehe 13 Oktoba mpaka 31 Desemba ni majuma kumi na moja. Majuma kumi na moja mtu yule alikuwa mzima, anatembea, anakausha vyombo, na kila jioni saa tatu nilimfungulia mlango nikamwambia nenda nyumbani. Kodi yenyewe tumeilipa vile vile, yote. Hayo majuma nimepekua fomu nzima, kurasa zote na viambatanisho, na hakuna mstari wa kuyadai.

Najua nyinyi ni vijana, moyo wa Nikolai ni mzima, na malipo ya mkopo wako wa chuo yatapanda mkiunganisha mishahara. Baba yako hakudanganyi. Mwache akuonyeshe hesabu, mshukuru, mbusu kipara chake. Kisha olewa Septemba. Na akikwambia subira huvuta heri, mwambie shangazi anasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na shangazi huyo analo tumbo la kutolea ushahidi.

Nisalimie sana Nikolai, na mama yake aliyeniletea samaki wa moshi. Mwambie nilimaliza wote bila kumgawia mtu. Msalimie mama yako mkizungumza kwa simu. Na baba yako pia. Mwambie milango yangu haijafungwa, ila kodi isitajwe mezani kwangu.

Mungu awape nyumba moja, mwanangu, tena awape mapema.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,

Arlys Hruska